Mchoro wa Unga Uani kwa Bibi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Tandahimba, nasoma sanaa mwaka wa mwisho. Kwa kazi yangu ya kumalizia chuo nataka kuchora uwanjani kwa bibi yangu, mzaa mama, kwa unga wa makopa (mihogo iliyokaushwa), majivu na udongo mwekundu. Mchoro utatuhusu bibi, mama na mimi, utakaa siku moja tu, na jioni tutaufagia. Mwalimu wangu anauliza atasahihisha nini ikiwa kazi imeshafagiliwa. Mjomba anasema ni kuchezea chakula, na tena mambo ya wanawake hayaanikwi uwanjani. Mama yuko kimya. Bibi anacheka tu. Je, hii ni sanaa kweli? Na nifanyeje ili kumbukumbu za bibi zisipotee pamoja na ule unga?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na mara zote nimekwama pale ulipoandika kwamba bibi anacheka tu. Mwalimu na mjomba nitawafikia. Lakini bibi nadhani anacheka kwa sababu unamletea kama jambo jipya kitu alichokulia ndani yake, na zaidi ya nusu ya jibu lako iko kwenye kicheko hicho.

Hebu tazama vitu ambavyo wanawake wa kusini wamevifanya kwa mikono yao miaka yote, uhesabu ni vingapi vilitengenezwa ili vikae. Ukuta wa udongo hukandikwa upya mvua zikishaula. Uwanja hufagiliwa alfajiri, na ile mistari ya ufagio wa chelewa inayofuatana mchangani kama magamba ya samaki hufutwa na nyayo kabla ya saa tatu. Wimbo wa unyagoni unakwisha ngoma inapowekwa chini. Huku pwani, Mikindani, Lindi na Kilwa, hina ya bibi harusi hukolea siku ya pili, halafu huanza kuondoka kidogo kidogo pamoja na ngozi, na baada ya wiki mbili tatu kiganja ni kitupu. Kikuba cha asumini kinanukia usiku mmoja. Sijapata kuona mtu akilia kwa sababu kikuba kimekauka. Aliyekifunga anajua kufunga kingine, na binti aliyekaa pembeni akimpitishia maua naye keshajifunza nusu ya kazi.

Sasa njoo karibu zaidi na mchoro wako. Wayao, jirani zetu wa Masasi na Tunduru mpaka ndani ya Malawi, wana kitu kinaitwa inyago: maumbo na michoro inayofanywa ardhini kwa udongo na unga wakati wa kufunda vijana. Meredith Sanderson aliyaandikia makala mwaka 1955. Lisikilize neno hilo lilivyo jirani na unyago. Katika miaka hiyohiyo Hans Cory, mtafiti aliyekuwa akifanya kazi serikalini Tanganyika, aliandika juu ya sanamu za udongo ambazo makungwi wa makabila kadhaa ya nchi hii walizitumia kuwafunda wali: umbo moja, wimbo wake, na somo lake. Kwa hiyo kabla hujafika darasani kusoma habari za sanaa isiyodumu, nchi yako ilikuwa na wanawake waliofundisha kwa kufinyanga.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Zambia. Mwaka 1931 Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliruhusiwa kukaa na wanawake wa Kibemba wakicheza chisungu, yaani unyago wao. Aliwaona wakifinyanga maumbo ya udongo kwa saa nyingi, wakiyapaka rangi na kuyapamba kwa uangalifu mkubwa, kisha wakiyavunja. Mtu wa makumbusho angeshika kichwa. Lakini vyombo hivyo vya mafunzo vinaitwa mbusa, na maana aliyoelezwa ya neno hilo ni vitu vilivyorithishwa. Kitu kinachovunjwa ndicho kinachoitwa urithi! Nilipokutana na maelezo hayo kwa mara ya kwanza niliinuka kitini. Kilichorithishwa hakikuwa udongo. Ni mkono unaojua kuufinyanga tena, na mdomo unaojua wimbo wake.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike, mwanangu. Kazi yako haipimwi kwa muda ambao unga utakaa ardhini. Swali la kujiuliza ni kama yupo mtu atakayeweza kuurudia mchoro huo wewe ukiwa haupo. Kama yupo, kufagia ni sehemu ya kazi. Kama hayupo, hata ukiuchora kwa saruji umepotea.

Nasema hivi kwa maumivu, maana nilianza nikiamini kinyume chake. Nilipokuwa na umri unaokaribia wako nilikwenda kijiji kimoja cha uwanda wa Newala na kinasa sauti cha kaseti, nikarekodi nyimbo za akina mama wazee kwa siku nne. Nilikuwa na haraka ya kuhifadhi. Nikazikabidhi kaseti zote kwa ofisi moja iliyoahidi kuzitunza, nikaondoka nikiwa nimeridhika kabisa. Niliporudi kuziulizia miaka kumi na kitu baadaye nilikuta zimeota ukungu kabatini, utepe umegandana, hazichezi tena. Hapo nikarudi kijijini nikiwa na aibu. Wawili kati ya wale wazee walikuwa wameshafariki. Lakini binti mmoja, ambaye siku zile nilimfukuza asikae karibu kwa sababu alikuwa akipiga makofi na kuniharibia sauti, alikuwa sasa mama mtu mzima, na alikuwa anaziimba nyimbo zote. Mimi nilikuwa nimemfukuza hifadhi, nikabeba kaseti.

Hata hivyo sitaki uondoke hapa ukidhani kwamba mnyororo haukatiki. Unakatika, na kwetu umekatika mara nyingi. Operesheni Vijiji kati ya 1973 na 1976 iliwatoa watu kwenye maboma yao ya zamani, na leo mahame mengi unayatambua kwa miembe tu, miembe mikubwa iliyosimama porini bila nyumba. Unyago uliokuwa ukichukua muda mrefu umebanwa ndani ya likizo za shule. Mabinti wanakwenda Dar es Salaam na Masasi mjini wakirudi msibani tu. Kitu kisichodumu kinahitaji watu wanaokaa pamoja. Watu wakitawanyika kinakufa haraka kuliko kinyago cha mpingo, na kinakufa kimyakimya. Ndiyo maana siwezi kukwambia achana na kumbukumbu za maandishi na picha. Ninachokwambia ni kwamba kwanza mtafute mtu, halafu ndipo uitafute kamera.

Na kuna jambo moja la kusini ambalo lazima ulifikirie kabla hujachora mstari wowote, nalo ni ngozi. Umeandika mchoro utamhusu bibi yako. Kama ni Mmakonde wa rika lile, huenda ana chale usoni au mgongoni, na huenda mama yake alivaa ndonya, kile kipande cha mbao cha mdomo wa juu. Hiyo ni sanaa isiyodumu iliyodumu kuliko zote: inakaa umri mmoja wa binadamu, kisha inakwenda naye kaburini. Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na kamera na fonografu, yaani kinasa sauti cha zamani cha mitungi ya nta. Vita vya Majimaji vilikuwa vimetoka kupiga nchi. Akawapiga picha wanawake wenye chale na ndonya, akanasa nyimbo, akarudi kwao. Mitungi ya nta nayo, kwa taarifa yako, huchakaa kidogo kila inapochezwa.

Kuna pia yale mavazi ya mbao ya midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, ambayo huenda umeyaona pichani: kiwiliwili cha mwanamke mjamzito, matiti na tumbo, kinachovaliwa kifuani na mchezaji mwanamume. Kwenye baadhi yake chale zimewekwa kwa nta ya nyuki, zimeinuka kama zilivyoinuka kwenye ngozi. Yaliyo mengi maarufu yako Ulaya. Kwa hiyo tumbo la mbao lililochongwa na mwanamume limewekwa kwenye kabati la kioo, na tumbo lenyewe lililoigwa lilirudi udongoni bila jina lake kuandikwa. Usilifanye kosa hilo upya nyumbani kwenu. Usinakili chale za bibi ardhini kwa sababu tu ni mapambo mazuri. Muulize kila moja inaitwaje, alichanjwa wapi, nani alimshika kichwa, alilia au hakulia. Akisema chora, chora. Akigeuza mazungumzo, amekujibu.

Yupo mwanamke wa kukufariji katika hili. Reinata Sadimba, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, alizaliwa mwaka 1945 katika uwanda wa Mueda na akajifunza kufinyanga vyungu kwa mama yake, kama wasichana wengine. Baada ya uhuru wa Msumbiji akaanza kufinyanga watu: wanawake wenye chale, wenye watoto mgongoni, vichwa vinavyotoka kwenye vichwa. Aliishi miaka kadhaa hapa Tanzania kabla ya kwenda Maputo, na kazi zake zimeonyeshwa nchi nyingi. Yeye aliamua udongo wake uchomwe na ukae. Wewe umeamua wako ufagiliwe. Njia zote mbili zimeanzia kwenye kiganja cha mama.

Haya, twende kwa mjomba. Usimpuuze. Kwa Wamakonde, ambao ukoo unafuata upande wa mama, mjomba ana sauti katika mambo ya nyumba hiyo, na hoja zake zote mbili zina uzito. Ya kwanza ni chakula. Uwanda ule umeona njaa, na makopa ndiyo yaliyovusha watu. Mtu aliyekula makopa kwa sababu hakuna kingine hawezi kufurahia kuyaona chini. Lakini mkumbushe pia kwamba unga kumwagwa chini si jambo geni kwetu: Wayao humwaga unga kwenye shina la msolo wanapowaomba waliotangulia, na desturi za namna hiyo ziko kwa jirani zao pia. Hapa ndipo nakuomba tahadhari. Unga wa mtama usiuguse kabisa, ndio wenye kazi hiyo ya tambiko, na watu wasije wakadhani unaomba kitu. Makopa yanatosha, tena nusu kilo tu. Ukiuchekecha vizuri na kuuachia kwa vidole vitatu, utashangaa mstari unavyokwenda mbali. Sehemu pana zijaze majivu na udongo. Kuku watakula unga, na waache wale. Kule Tamil Nadu, kusini mwa India, wanawake huchora kolam mbele ya mlango kila asubuhi kwa unga wa mchele, na chungu na ndege wakiula wanahesabu kuwa wamewalisha viumbe wadogo.

Mtu asije akakushauri kutumia maganda mabichi ya korosho kwa sababu ni mengi na rangi yake ni nzuri. Mafuta yake yanaunguza ngozi, na mtakuwa mmepiga magoti juu yake na mikono mitupu. Vivyo hivyo, mkitaka kupakana piko siku hiyo, msitumie ile ya unga wa kupaka nywele. Inatoa malengelenge. Hina ya majani inatosha.

Hoja yake ya pili ni nzito zaidi: mambo ya wanawake hayaanikwi uwanjani. Hapo amesema kweli, na neno lake lenyewe limekupa dawa. Toka uwanjani, nenda uani. Uani ni kwa wanawake, watakaoingia ni wale walioalikwa, na mjomba hataona haya mbele ya wageni. Halafu, mwanangu, mafunzo ya unyago usiyachore. Hata kama umechezwa na unayajua, si yako peke yako kuyatoa. Ni ya kila aliyekaa pale pamoja nawe, na ya nyakanga aliyewafunda. Hii si woga. Siri ile ndiyo iliyoyafanya yasikilizwe kwa makini vizazi vyote hivyo. Ukitaka kujua mpaka uko wapi, mtafute nyakanga wa kijiji chenu, nenda na mtu mzima, nenda na chochote mkononi, mwoneshe mchoro mdogo kwenye karatasi, umuulize kipi kitoke. Atakachokiondoa kiondoe bila kubishana.

Utabaki na nini basi? Utabaki na maji. Nikiwa wewe ningechora maji. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Maji yako chini mabondeni, na kabla ya mradi wa mabomba kuanza miaka ya 1950 wanawake waliteremka na kupanda na mitungi, wengine wakiondoka usiku wa manane. Mabomba nayo hayakumfikia kila mtu, wala hayakutoa maji kila siku. Bibi yako anaijua njia ile kwa nyayo: jiwe la kupumzikia, mti wa kutuliana mitungi, mahali pa kuogopa chui. Mama yako labda anajua foleni ya bombani na ndoo za plastiki. Wewe unajua koki, na siku ambazo koki inatoa hewa. Hizo ni njia tatu zinazoanzia mlango mmoja. Ni habari za wanawake tupu, hakuna siri ya unyago inayofunuliwa, na hakuna jumba la makumbusho ninalolijua lenye ramani ya njia hiyo. Ya bibi anaweza hata kuichora kwa maji yenyewe, kwa kata, kwenye udongo mkavu, ikauke mnaitazama.

Najua wanafunzi wa sanaa mnafundishwa habari za Ana Mendieta, aliyezaliwa Havana mwaka 1948, akapelekwa Marekani akiwa na miaka 12 bila wazazi, na kuanzia 1973 akawa anaacha umbo la mwili wake kwenye matope, nyasi, mchanga na moto. Zilizobaki ni picha na filamu zake. Ni kazi zinazoniliza. Lakini angalia tofauti: yeye alikuwa mbali na ardhi iliyomzaa, amesimama peke yake, na kamera ndiyo iliyokuwa shahidi. Wewe una bibi hai, mama hai, na ua wenye kuku. Usijifanye mpweke kwa sababu tu vitabu vya sanaa vina picha za watu wapweke.

Kwa hiyo fanya mara mbili. Siku ya kwanza bibi aanze na mstari wake, mama afuate, wewe umalize, na mabinti wadogo wa nyumbani wakae palepale, wapitishe unga, wapige makofi wakitaka. Jioni mfagie. Usiwaoneshe picha yoyote. Baada ya wiki tatu, mwambie mama auongoze mchoro uleule bila bibi kusema neno, na mikono iwe ya wale wadogo. Utatoka tofauti. Jiwe la kupumzikia litahama, mti mmoja utasahaulika, kitu ambacho bibi hakukitaja kitaingia. Pengo kati ya michoro hiyo miwili ndiyo kazi yako. Hapo ndipo kumbukumbu inapoonekana ikipita kutoka mtu hadi mtu, kwa macho kabisa, na sijui mchoro wa kudumu unaoweza kuonesha hivyo.

Hilo ndilo mwalimu wako atakalosahihisha. Mpelekee picha chache za michoro yote miwili zilizopigwa kutoka juu, sauti ya bibi akieleza njia, daftari lako lenye kila swali ulilouliza na kila ulilokatazwa, vichupa vya udongo vikiwa vimeandikwa ulikotolewa. Mwalike aje uani siku ya pili, kama ni mwanamke; kama ni mwanamume, mjomba atamkaribisha ukumbini na mama atatoka kumhadithia. Picha za nyuso zisipigwe bila ruhusa, na ruhusa uiombe mara ya pili baada ya wao kuziona, kwa sababu anayesema ndiyo kabla hajajiona hajasema ndiyo bado. Ukitaka kuziweka mtandaoni ni ruhusa nyingine tena. Tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na bibi yako inamlinda kama inavyomlinda waziri.

Mama nimemwacha mwisho kwa makusudi. Bibi anacheka, mjomba anasema, mwalimu anauliza, na mama amenyamaza. Sidhani kwamba hapendi. Nimewaona akina mama wengi wa rika lake, waliokulia kati ya unyago na shule, ambao walifundishwa vitu viwili vinavyokatazana na hawakupewa nafasi ya kusema walibaki na kipi. Pengine anaogopa kwamba kwenye mchoro wako bibi atakuwa urithi, wewe utakuwa sanaa, na yeye atakuwa daraja la kupitia. Mpe mstari mrefu kuliko wote. Kabla hujamwambia habari za chuo, kaa naye jikoni mkichambua mchele, umuulize maji aliyachota wapi alipokuwa na umri wako, halafu unyamaze wewe.

Fanyeni Julai, mavuno yakiwa yamekwisha na mvua iko mbali. Nyunyizeni ua maji usiku ili vumbi lilale, mfagie alfajiri, muanze saa kumi na mbili umande ukiwa bado unaushika unga. Njia ya bibi, kama ataichora kwa maji, muiache mpaka jua litoke na ua ukauke, ndipo achukue kata. Jua likipanda kusi huzidi nguvu, na ikifika saa nne mistari myembamba itaanza kuondoka yenyewe upande wa kaskazini. Msiikimbilie kuirekebisha. Na bibi mpe shikamoo yangu.